Nilikuwa nafuata jina, kumbe nilitakiwa nifuate tanuri

Mama mkwe wangu ana kopo la biskuti ambalo tangu nimjue halijawahi kutiwa biskuti. Linakaa juu ya kabati la nguo nyumbani kwake hapa St. Louis, na ndani kuna rozari, vifungo vya shati, kadi ya chama cha Wahispania iliyochakaa, na picha moja ya wasichana wawili wamesimama pembeni ya kiti. Wa kushoto ni bibi yake, yeye anamwita güela, ndo Kiasturia hicho, bibi ni güela na babu ni güelu. Wa kulia hakuna aliyekuwa anamjua. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Avilés, mji wa huko Hispania, basi, hakuna jina wala tarehe.

Nimeolewa kwenye hii familia mwaka wa kumi na moja sasa na kila Krismasi nilikuwa nasikia habari ile ile, kwamba güelu alitoka Hispania akapita Kuba akaja Marekani peke yake, hana ndugu hana jamaa, na kwamba güela alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye "alienda Pennsylvania". Inaishia hapo hapo. Miaka mitatu iliyopita mama mkwe alifanyiwa opareshini ya nyonga nikakaa kwake wiki sita kumuuguza, na jioni moja akaniambia mwanangu, wewe unayaelewa mambo ya kompyuta, nitafutie huyu wa kulia ni nani, sitaki kufa sijamjua. Nikasema sawa mama, nikidhani ni kazi ya wiki mbili.

Niwaeleze kwanza Waasturia ni kina nani maana watu wengi wakisikia Mhispania Marekani wanafikiria Meksiko au Puerto Rico. Asturias ni jimbo la kaskazini kabisa mwa Hispania, limebanwa kati ya milima na bahari, mvua nyingi, nchi ya kijani, wanakunywa sida ya tufaha badala ya mvinyo na wanapiga zumari la mfuko kama Waskoti. Kwa miaka mingi vijana wao walikuwa wanaondoka, wengi wakienda Kuba, na huko Havana chama chao cha Centro Asturiano kilianzishwa mwaka 1886 na kilikuwa na hospitali yake kubwa. Wengine wakaenda Tampa kwenye viwanda vya sigara. Lakini kuna kundi la tatu ambalo habari zake zimeandikwa kidogo sana, nalo ni la watu waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyusha zinki, Kansas, Missouri, Illinois, West Virginia, Pennsylvania, na familia ya mume wangu ni ya kundi hilo.

Hapa St. Louis walikaa Carondelet, kusini kabisa kando ya mto Mississippi. Carondelet ilikuwa mji wa peke yake mpaka 1870 ndo ikaingizwa ndani ya St. Louis, na jina lenyewe ni la gavana aliyeitawala Louisiana kwa niaba ya mfalme wa Hispania kwenye miaka ya 1790. Kwa hiyo wale vijana walifika miaka mia na ushee baadaye kwenye mtaa wenye jina la mtumishi wa mfalme wao wenyewe, wakakuta mabomba ya moshi, reli, makaa ya mawe, na kiwanda cha zinki cha Edgar. Mama mkwe anakumbuka baba yake akimwambia kwamba mtaani kwao mtu ulikuwa unaweza kuishi wiki nzima bila kusema neno la Kiingereza, na uani kila nyumba ilikuwa na kibanda cha kukaushia soseji za chorizo kwa moshi.

Sasa kosa langu kubwa. Nilianza na jina. Jina la ukoo halisi nalificha, tuseme güelu alikuwa José Fernández, na jamani ukiingiza José Fernández aliyezaliwa Hispania kwenye tovuti yoyote ya nasaba unaletewa maelfu ya watu. Kwa vile hadithi ya nyumbani ilisema Kuba nikamtafuta wa Kuba, nikampata, umri unalingana, ametoka Havana akashukia Key West, nikafurahi, nikajenga mti mzima wa familia juu ya mtu huyo. Miezi minane. Nikamwonyesha mpaka mama mkwe, akamsimulia dada yake kwa simu. Halafu siku moja nikaikuta kadi ya usajili wa jeshi ya yule yule José wa Kuba, ya mwaka 1918, yuko Tampa anakunja sigara, ana mke mwingine, wakati José wetu miaka hiyo hiyo mtoto wake anabatizwa Carondelet. Nililia siku ile, kwa sababu ilibidi nimwambie mama kwamba yule niliyempa siye babu yake.

Baada ya hapo nikaacha kutafuta jina, nikarudi kwenye karatasi moja tu niliyokuwa na uhakika nayo, ukurasa wa sensa ya 1920 ya Carondelet. Nilikuwa nimeshaiona mara ishirini lakini nilikuwa naangalia jina na umri tu. Safari hii nikaisoma safu kwa safu. Sensa ya 1920 ni nzuri sana kwa kazi hii, inauliza umeingia nchini mwaka gani, umeshapata uraia au bado, lugha ya mama ni ipi, umezaliwa wapi, unafanya kazi gani na wapi. José, miaka 35, kaingia 1910, kibarua, kiwanda cha zinki. Mke, kaingia 1912. Halafu watoto, wa kwanza miaka 8 kazaliwa Hispania, wa pili miaka 5 kazaliwa Kansas, wa tatu miaka 3 kazaliwa Missouri.

Kansas! Hakuna mtu kwenye familia hii aliyewahi kutaja Kansas. Nikamuuliza mama mkwe, akasema labda karani alikosea. Nikaenda kwa majirani kwenye ukurasa huo huo, Wahispania wengine nyumba za jirani, na nao watoto wao wamepangika hivyo hivyo, mmoja Hispania, mmoja Kansas, mmoja Missouri, familia moja ina mtoto wa West Virginia katikati. Karani hawezi kukosea mtaa mzima kwa mpangilio ule ule. Hao watu walikuwa wanahama kwa pamoja, na kilichokuwa kinawahamisha ni tanuri.

Ngoja nieleze kidogo kuhusu zinki maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini mtu atoke kijijini Hispania aende Kansas. Zinki ndo ile inayopakwa kwenye mabati yasishike kutu. Kuitoa kwenye mawe yake zamani walitumia matanuri ya Kibelgiji, yaani ukuta mrefu wenye safu juu ya safu ya mitungi ya udongo iliyolazwa, kila mtungi unajazwa madini yaliyosagwa na kuchanganywa na makaa, unawashwa moto mpaka zinki inageuka mvuke, inachemka kwenye nyuzi joto 907, ule mvuke unanaswa kwenye mfuniko wa udongo mdomoni mwa mtungi unakuwa maji maji, na mtu anasimama pale pale mbele ya moto anayakinga kwa upawa mrefu. Asubuhi mitungi inasafishwa majivu yote, iliyopasuka inatolewa inawekwa mipya, inajazwa tena, na moto hauzimwi. Kazi ilikuwa inaanza alfajiri sana ili kukwepa joto la mchana. Na kulikuwa na homa yake, ukivuta yale mafusho jioni unatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi umepona, unarudi kazini.

Kazi hiyo mtu haokotwi tu barabarani akaiweza. Na karibu na Avilés, kwenye kijiji cha Arnao, wilaya ya Castrillón, kulikuwa na kampuni yenye mtaji wa Kibelgiji, Real Compañía Asturiana, iliyokuwa inayeyusha zinki tangu miaka ya 1850, na mgodi wake wa makaa ulichimbwa mpaka chini ya bahari, wanaume wanachimba na mawimbi yako juu ya vichwa vyao. Mgodi ulifungwa 1915 baada ya maji ya bahari kuingia. Kwa hiyo pale palikuwa na vizazi viwili vya watu wanaojua tanuri la Kibelgiji, mishahara midogo, na serikali inawachukua vijana kwenda vitani Moroko. Marekani nako kulikuwa na matanuri yale yale na Wamarekani hawakuyapenda.

Kansas walienda kwa sababu ya gesi. Kusini mashariki mwa Kansas ilipatikana gesi asilia ya bei rahisi, na machimbo ya zinki ya Joplin yako jirani, kwa hiyo viwanda vikamiminika huko, kimojawapo ni cha Edgar pale Cherryvale, ndugu wa kile cha Carondelet. Gesi ikaisha. Kampuni zikarudi kwenye makaa, yaani Illinois, West Virginia, Pennsylvania. Halafu vita vya 1914 vikaja, zinki ya Ubelgiji na Ujerumani ikakatika sokoni, bei ikapaa, na mwaka 1915 kikafunguliwa kiwanda kikubwa cha zinki huko Donora, Pennsylvania, mali ya American Steel and Wire. Na hapa ndo nilipoamka usiku nikawasha taa, Edgar na American Steel and Wire zote zilikuwa chini ya mwenye mali mmoja, US Steel. Mtu anahama kutoka Cherryvale kwenda Carondelet kwenda Donora na bosi ni yule yule. Kumbe "alienda Pennsylvania" ilikuwa na anwani.

Kuanzia hapo nikageuza utafutaji wote. Nikaandika kwenye karatasi orodha ya miji yenye viwanda vya zinki na mwaka kila kimoja kilipofunguliwa au kufungwa, nikaibandika ukutani juu ya meza, na ndo ikawa ramani yangu. Mtu akipotea kwenye sensa simtafuti kwa jina tena, naangalia ni kiwanda gani kimefunguliwa mwaka huo, nafungua kurasa za mji huo nazisoma moja moja kwa macho, natafuta waliozaliwa Hispania. Ni kazi ya kuchosha macho. Lakini inazaa.

Orodha za abiria za meli zikaniambia mengine. Baada ya 1907 orodha zinakuwa na kurasa mbili kwa kila abiria, unaulizwa umemwacha nani nyumbani, unaenda kwa nani, anwani gani, una pesa ngapi mfukoni. José wetu nilimpata amefika New York 1910 kutoka Le Havre Ufaransa, si Kuba kabisa, na nilikuwa nampita siku zote kwa sababu aliyechapa kumbukumbu kwenye kompyuta aliisoma Avilés akaandika Ávila, ambayo ni sehemu nyingine kabisa huko Kastilia. Anaenda Cherryvale kwa "shemeji". Kwenye ukurasa huo huo kuna wanaume saba wanaenda anwani ile ile, mmoja kwa binamu, mmoja kwa kaka, mmoja kwa mjomba. Mwanzoni niliamini wote ni ndugu, nikaanza kuwaunganisha. Kumbe tangu 1885 kulikuwa na sheria inayokataza kuleta kibarua kutoka nje ukiwa umeshamwahidi kazi, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemwambia afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wageni New York, kwamba kuna kiwanda kinamsubiri. Ulikuwa unasema naenda kwa ndugu. Wengine walikuwa ndugu kweli, wengine walikuwa wanaitaja anwani ya mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji.

Na huyo mama mwenye nyumba jamani anastahili kuandikiwa kitabu chake. Kwenye sensa ameandikwa hana kazi, kwenye safu ya kazi kuna mstari tu, lakini chini ya jina lake kuna wanaume tisa, wapangaji, wote wa kiwanda cha zinki, na ukifikiria wanaanza kazi alfajiri ina maana yeye ameamka kabla yao, amewasha jiko, amefunga vyakula tisa, amefua mashati tisa yenye vumbi la tanuri, na ana watoto wanne wa kwake. Karani kaandika mstari. Güela naye alifanya hivyo hivyo, kwa mujibu wa sensa ya 1920 alikuwa na wapangaji watano. Mama mkwe alikuwa hajui, anachokumbuka ni kwamba güela alikuwa hakai mezani wakati wa kula, anakula amesimama. Nilipomwonyesha ile orodha ya wapangaji alinyamaza muda mrefu.

Kwenye majina kuna jambo ambalo kama ningelijua mapema ningeokoa mwaka mzima. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadilishi. Karani wa Marekani hajui hilo, anachukua la mwisho, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja mmoja anaandikwa Fernández na mwingine Muñiz, na hiyo Muñiz yenyewe unaikuta Munis, Muniz, Moonis, kutegemea karani amesikiaje. Wanawake ndo wanapotea kabisa kwa sababu huku wanapewa jina la mume. Lakini hayo hayo majina mawili ndo ufunguo, kwa sababu mahali popote palipoandikwa jina la mama la usichana unapata nusu ya pili ya mtu. Na mahali pazuri pa kulipata ni cheti cha kifo. Missouri wameweka vyeti vyao vya vifo kuanzia 1910 kwenye intaneti bure, vikishatimiza miaka 50, unaona picha ya cheti chenyewe, West Virginia nao bure, na Pennsylvania vinakuwa wazi baada ya miaka 50. Cheti cha güela kinataja baba yake na mama yake, majina kamili, ila tahajia imeharibika. Nikayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani.

Orodha ya meli ya 1912 nikaipata baada ya hapo. Güela, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, na mstari wa chini yake msichana, miaka 17, hajaolewa, mtumishi wa ndani, na kwenye safu ya aliyeachwa nyumbani karani ameweka alama ya kurudia, yaani baba ni yule yule wa mstari wa juu, Arnao. Ni vinukta viwili tu vya wino. Nilivikuza kwenye skrini mpaka vikawa vikubwa kama macho, nikampigia simu mume wangu kazini nikamwambia nimempata mdogo wake güela, ana jina, ana miaka 17.

Ila baada ya kushuka melini akayeyuka, kwa sababu aliolewa na mimi simjui mume. Nikaufuata utaratibu wa tanuri. Nikafungua sensa ya 1920 ya Donora, kurasa zote, nikatafuta mwanamke aliyezaliwa Hispania, miaka 25 hivi, kaingia 1912, mume yuko kiwanda cha zinki, na awe na mtoto aliyezaliwa Kansas. Wiki tatu, usiku usiku watoto wakilala. Nikapata wawili.

Kuamua ni yupi nilisaidiwa na sheria nyingine. Kabla ya Septemba 1922 mwanamke alikuwa anapata uraia kwa mgongo wa mume, na José aliapa 1921, kwa hiyo güela hana faili lake mwenyewe, ni kama hakuwahi kuombwa chochote. Lakini mume wa mmoja wa wale wanawake wa Donora hakuwahi kuchukua uraia, kwa hiyo mke naye alibaki mgeni, na mwaka 1940 serikali ililazimisha kila mgeni wa miaka 14 kwenda juu ajiandikishe na aweke alama ya kidole. Zile fomu zipo, unaziomba kwenye idara ya uhamiaji kwa kulipia, na unasubiri. Nilisubiri miezi saba. Fomu ilipokuja ilikuwa na tarehe aliyofika New York na jina la meli, na ni meli ile ile, siku ile ile. Na pale chini kuna alama ya kidole chake. Sijui niwaelezeje, mimi nimeshazoea karatasi, lakini kuiona mistari ya ngozi ya mtu ambaye familia nzima ilikuwa imeshamsahau, ilinibidi nisimame niende dirishani.

Kwa upande wa Hispania nitaongea kwa kifupi. Usajili wa serikali ulianza 1871, na ukiomba cheti cha kuzaliwa omba kile kirefu kinachonakili ukurasa mzima, kwa sababu kinataja baba, mama, na babu na bibi wa pande zote mbili, yaani karatasi moja inakupa vizazi vitatu, na ni bure. Usiombe kile cha muhtasari hata kama ndo kinakuja haraka. Tangu ile sheria ya 2022 iliyowaruhusu wajukuu kuomba uraia wa Hispania ofisi zao zimezidiwa, kwa hiyo uwe na subira. Kabla ya 1871 unategemea vitabu vya parokia, na Asturias vingine viliteketea kwenye mapinduzi ya Oktoba 1934 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Kuna ofisi moja niliyoiandikia mara tano kwa Kihispania cha heshima zote na haijawahi kunijibu mpaka leo. Nyingine ilinijibu kwa siku mbili na mama wa pale akaniongezea picha ya mgodi wa Arnao, saivi ni makumbusho, na ule mnara wake umevikwa vipande vya zinki mwili mzima kama magamba ya samaki.

Mwaka jana Oktoba tukaenda Donora, mimi, mume wangu, na mama mkwe na fimbo yake. Ni mji mdogo kwenye kona ya mto Monongahela, kusini mwa Pittsburgh, na ukiutaja kwa watu wa hali ya hewa wote wanaujua kwa sababu ya moshi wa 1948. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule hewa ya joto ilikaa juu ya bonde kama mfuniko wa sufuria, moshi wa kiwanda cha zinki na cha chuma ukashindwa kupanda, siku tano mchana unakuwa kama usiku, watu 20 wakafa na maelfu wakaugua kwenye mji wa watu kama 14,000. Matanuri yalikuja kupunguzwa moto Jumapili asubuhi, na mvua ikanyesha siku hiyo hiyo. Kiwanda cha zinki kilifungwa 1957. Wana makumbusho yao ya ule moshi, wanasema hewa safi ya Marekani ilianzia kwao, na ni kweli sheria za hewa zilizokuja baadaye zinarudi pale. Mimi nilichokiwaza ni kwamba yule msichana wa miaka 17 alikuwepo zile siku tano, ana miaka 53, amefunga madirisha, na mume wake ameshavuta yale mafusho zaidi ya miaka thelathini. Huyo mdogo wake güela alifariki 1959. Cheti chake cha kifo kina majina ya baba na mama, na ni yale yale yaliyoko kwenye karatasi yangu ya ukutani, tena kule yameandikwa vizuri.

Mjukuu wake nilimpata kupitia tangazo la msiba la gazetini, nikamwandikia meseji nikaogopa atadhani ni tapeli. Hakujibu wiki mbili. Halafu akajibu kwa neno moja, "Arnao?", nikajua nimefika. Tulikutana naye kwenye mkahawa Donora, mama wa makamo, na amekuja na bahasha. Ndani ya bahasha kuna picha. Wasichana wawili pembeni ya kiti, muhuri ule ule wa studio. Walichapisha mbili siku moja kila mtu na yake, ila ya kwao nyuma imeandikwa kwa penseli, majina yote mawili, la kila mtu kwa mwandiko tofauti, na chini yake Avilés, 1911.

Mama mkwe aliigeuza akaisoma, akaigeuza akawaangalia, akaigeuza tena. Hakulia, mimi ndo nililia. Aliomba penseli kwa mhudumu, akatoa ya kwake kwenye mkoba, akailaza kifudifudi mezani karibu na ile nyingine, na akaanza kunakili pole pole, herufi moja moja, jina la wa kulia kwanza.